Anayekuja Gizani Anaona Nini?

Hotuba hii, juu ya taa ya nanga, yaani ile inayowashwa usiku chombo kikiwa kimetia nanga, niliitoa mbele ya mkutano wa wenye mashua ndogo za matanga. Naiandika yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Michoro niliyoonyesha ukutani nimeiacha, na palipohitajika nimeeleza kwa maneno.

Ndugu zangu manahodha, mabaharia wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojibana huko nyuma, asanteni kwa kuja.

Niruhusuni nianze na usiku mmoja. Nilikuwa narudi kwenye chombo changu kwa kihori, napiga makasia. Hakukuwa na mwezi, na maji yalikuwa shwari kama yamo ndani ya sinia. Nilijua kuna jirani ametia nanga mahali fulani kati yangu na chombo changu. Mpiga makasia huipa njia mgongo, kwa hiyo kila baada ya mapigo machache nageuza shingo namtafuta. Naona taa za nchi kavu. Naona nyota. Mashua siioni. Napiga tena makasia, nageuka tena, siioni. Mara kitu kikanigusa kisogoni, cha baridi, kimelowa, kina utelezi wa mwani. Ilikuwa amari yake, kamba ya nanga. Nilikuwa nimeingia chini ya omo, yaani sehemu ya mbele, ya mashua yake bila kujua.

Nikainua macho. Juu kabisa, kwenye ncha ya mlingoti, taa yake ya nanga ilikuwa inawaka, nyeupe, safi, haina kasoro. Na kumbe nilikuwa nimeiona tangu mwanzo! Nilidhani ni nyota.

Sasa nawauliza: jirani yangu alikosa nini? Taa alikuwa nayo. Aliiwasha. Sheria aliitimiza. Na bado nilimvaa. Mimi nilikuwa kwa makasia, nikatoka na shati lililolowa mgongoni. Angekuja mwenye mashine, mwendo wa noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa, tungekuwa tunazungumza mengine leo.

Tangu usiku ule, nikichagua taa, nikiifunga, nikiiwasha, swali langu ni moja, na leo nitalirudia mpaka mlizoee: anayekuja gizani anaona nini? Wewe uliyelala ndani huihitaji taa ya nanga hata kidogo. Wewe unajua ulipo. Taa ile ni ya yule asiyejua kama upo. Basi ichagueni kwa macho yake.

Tuanze na sheria, na hapa sitakaa sana, kwa sababu ni fupi na inaeleweka. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini zilikubaliwa mwaka 1972 na kuanza kutumika 1977. Kanuni ya 30 ndiyo inayohusu chombo kilichotia nanga. Chombo kikubwa kinawasha taa mbili nyeupe zinazoonekana pande zote, moja upande wa omo, nyingine tezi, yaani nyuma, na ile ya tezi iwe chini kuliko ya omo. Chombo chenye urefu chini ya mita 50, yaani sisi sote humu ndani, kinaruhusiwa kuwasha moja tu, nyeupe, inayoonekana pande zote. Ionekane umbali wa maili 2 za baharini angalau. Iwake tangu machweo hadi macheo, na hata mchana ukungu ukishuka. Mchana wa kawaida unapandisha mpira mweusi upande wa omo, na naomba mupandishe, maana wengi wetu mpira huo tunao na umejaa vumbi ndani ya sanduku.

Lakini kuna maneno machache ndani ya kanuni hiyo ambayo watu huyapita kama hawayaoni. Kanuni inasema taa iwekwe *pale inapoweza kuonekana vizuri zaidi*. Haikusema juu ya mlingoti. Haikusema popote kwamba ya juu zaidi ndiyo bora. Imekuachia wewe nahodha ufikiri. Je, tumefikiri? Au tumenunua chombo, tukakuta taa iko juu ya mlingoti, tukasema aliyeiweka huko alikuwa na akili zake?

Na kuna lile la mita 7. Chombo kifupi kuliko mita 7 kimesamehewa kuwasha taa, *iwapo* hakikutia nanga ndani au karibu na mlango mwembamba wa maji, au njia ya vyombo, au mahali pa kutilia nanga, au popote ambapo vyombo vingine hupita kwa kawaida. Nimewahi kumsikia mtu akisema, mashua yangu ni mita 6, mimi taa hainihusu. Ndugu yangu, ulipotia nanga wewe si ndipo walipotia nanga na wenzako kumi? Basi huo msamaha si wako. Mwenye boti anayekuja hana rula mkononi ya kukupima.

Sasa tufike kwenye kimo, na hapa mniwie radhi, nitakaa.

Chukua mlingoti ambao ncha yake iko mita 12 juu ya maji. Anayekuja yuko kwenye kihori au boti ya chini, macho yake yako mita 1 juu ya maji. Tofauti ni mita 11. Akiwa mbali, maili moja hivi, taa yako anaiona karibu na upeo wa macho, sawasawa. Lakini mbali hakuna anayegonga mtu! Anayegonga huwa karibu. Akifika mita 30 kutoka kwako, ili aione taa hiyo lazima ainue uso nyuzi 20 juu. Nani kati yenu huendesha boti usiku uso ukiwa umeelekea mbinguni? Mtu anatazama maji. Anatafuta boya, gogo, nyavu, kihori. Anatazama mbele, na mbele yake pale ulipo wewe pana giza tupu.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Taa ya umeme imetengenezwa kumwaga nuru pembeni, kama sahani, si kama mvua. Kanuni zinadai nguvu kamili ndani ya nyuzi 5 juu na nyuzi 5 chini ya usawa, kisha asilimia 60 ya nguvu hiyo hadi nyuzi 7.5. Baada ya hapo hazidai kitu. Fanyeni hesabu na mlingoti wetu wa mita 12: anayekuja akishaingia ndani ya mita 84 hivi, ametoka kwenye nuru ambayo mtengenezaji amelazimishwa kukupa. Taa nyingine zinaendelea kung'aa, nyingine zinafifia kabisa. Kwa noti 20, mita 84 ni sekunde 8. Hesabuni polepole kimoyomoyo mpaka nane. Ndio muda wote alio nao.

Mtu mmoja aliwahi kunijibu: lakini ikiwa chini haitaonekana mbali. Nikakaa nikalifikiria jibu lake kwa sababu lilikuwa na sura ya ukweli. Dunia ni mviringo, kitu cha chini hujificha mapema. Ndiyo, lakini ni mapema kiasi gani? Taa iliyo mita 3 juu ya maji haifichwi na mzingo wa dunia mpaka upite maili 3, hata kama jicho la mtazamaji liko juujuu ya maji. Sheria inataka maili 2. Basi mita 3 zinatosha na zinabaki.

Mimi taa yangu ya nanga naitundika mbele ya mlingoti, juu ya sitaha ya omo. Nimeifunga kwenye henza, ile kamba ya kupandishia tanga, ya tanga la mbele, naipandisha mpaka iwe juu kidogo ya kichwa cha mtu aliyesimama pale, mita mbili na nusu hadi tatu juu ya maji. Kisha, na hili ndilo watu husahau, nina kamba ya pili inayoivuta chini, na nyingine fupi inayoishika kwenye waya wa mbele wa mlingoti. Bila kamba hizo upepo ukija taa inacheza usiku kucha, inagonga mlingoti, na mpaka alfajiri kioo kina ufa. Nimevunja taa mbili kwa namna hiyo kabla ya kukubali kufunga kamba ya chini.

Msiikaribishe mno kwenye mlingoti. Mlingoti wa sentimita 12, taa ikiwa mita moja na nusu mbele yake, unaziba nyuzi kama nne na nusu tu. Ileteni taa hadi nusu mita kutoka kwenye mlingoti huo huo, kivuli kinakuwa karibu nyuzi 14. Kwa mtu aliye mita 200 nyuma yako, hicho ni kivuli chenye upana wa karibu mita 50. Boti nzima inaweza kusafiri ndani yake na isikuone! Kanuni zinataka taa za pande zote zisizibwe kwa zaidi ya nyuzi 6, na taa ya nanga zimeilegezea kidogo ili usilazimike kuipandisha kimo kisichowezekana. Hiyo ni ruhusa ya kuiweka chini, lakini isiwe kisingizio cha kuificha.

Na kama unapenda ile ya juu ya mlingoti kwa sababu umetia nanga mahali palipo wazi ambapo meli hupita kwa mbali, iwashe, mimi sigombani nawe. Ila basi angaza na chombo chenyewe. Kanuni ya 30 inaruhusu chombo kilichotia nanga kuwasha taa za kazi kuangaza sitaha. Meli za mita 100 na zaidi zimelazimishwa, sisi tumeruhusiwa. Taa ndogo ndani ya kibanda, pazia limeachwa wazi. Taa nyingine hafifu pale anapokaa mwenye usukani, imeelekea chini, inaangaza mbao. Mwenye boti akiona nuru ndogo juu hajui ni nini. Akiona ubavu mweupe wa mashua, tanga lililokunjwa, kamba, anajua mara moja: hapa pana chombo, na ndani yake pana watu.

Anayekuja gizani anaona nini? Aone chombo, ndugu zangu. Nuru peke yake haimtoshi.

Sasa tuseme taa umeiweka mahali pake. Itawaka mpaka asubuhi?

Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa na balbu ya zamani ya wati 10, ile ya uzi. Kwa betri ya volti 12 inakula karibu ampea 0.83. Usiku wa saa 12 ni ampea-saa 10. Betri yangu ilikuwa ya risasi na asidi, imeandikwa 60, na betri ya namna hiyo ukiitumia zaidi ya nusu mara kwa mara unaiua. Kwa hiyo nilikuwa na 30, yaani siku tatu za taa pekee, bila redio, bila taa ya ndani, bila kitu. Nikanaswa na upepo mbaya kwenye ghuba moja, usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mawingu mchana, sikuchaji chochote. Usiku wa tatu saa mbili balbu ilikuwa nyeupe. Saa tano imekuwa rangi ya chai. Saa tisa niliamshwa na mlio wa mashine, nikatoka nje, nikakuta uzi mwekundu tu ndani ya kioo, kama ncha ya sigara. Boti ya wavuvi ikanipita kwa kelele, na yule aliyekaa mbele akanimulika usoni kwa tochi. Nasikia bado alivyosema. Hakutukana. Alisema, "Mzee, taa yako iko wapi?"

Balbu ya uzi ina tabia hii: volti zikipungua kidogo, nuru inapungua sana. Punguza volti asilimia 10, unapoteza karibu asilimia 30 ya nuru. Na volti hazipotei kwenye betri tu. Zinapotea kwenye waya mwembamba unaopanda mlingotini, kwenye maungio yaliyooza kwa chumvi, kwenye soketi yenye kutu ya kijani. Ukinunua taa nzuri ukaifunga kwa waya mbovu, umeitupa pesa yako baharini. Nunueni waya wa shaba uliopakwa bati, mnene kuliko mnavyodhani mnahitaji. Pimeni volti kwenye soketi ya taa ikiwa inawaka, msipime kwenye betri.

Leo kuna taa za LED, zile za umeme zisizo na uzi ndani, na mimi nimehamia huko kwa moyo wangu wote. Wati 2, mara nyingine pungufu. Usiku mzima ni ampea-saa 2 tu. Sasa mtu hana sababu ya kuzima taa ili kulinda betri. Lakini zina mambo yake. Nyingi zina kifaa ndani kinachoshikilia nuru ileile hata betri inaposhuka, kisha zinazimika ghafla. Hazipiti kwenye rangi ya chai, hazikuonyi. Tazameni betri, msitazame taa. Tena ukitoa balbu ya uzi na kuweka ya LED kwenye taa ileile ya zamani, kile kioo chenye mistari kilipimwa kwa ajili ya uzi uliosimama mahali fulani hasa. Nuru ikikaa juu au chini ya pale, inatupwa mbinguni au majini. Ni heri kununua taa nzima iliyotengenezwa kwa LED, yenye alama kwamba imeidhinishwa kwa maili 2.

Na kuna la redio. Mwaka 2018 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kwamba baadhi ya taa za LED zinavuruga redio za VHF, zile tunazozungumzia baharini, na mawasiliano ya utambuzi wa vyombo. Wengi wetu antena iko pale pale juu ya mlingoti, kando ya taa. Mnajipima hivi: fungua redio kwenye chaneli isiyo na mtu, zungusha kile kitufe cha kuzuia kelele mpaka kelele ikatike tu, usizidishe. Kisha washa taa. Kelele ikirudi, taa yako inaisumbua redio. Ni jaribio la dakika moja. Mlifanye leo leo.

Kandili ya mafuta? Ina uzuri wake na najua humu wapo wanaoipenda, lakini kioo hushika masizi na utambi humalizika watu wamelala. Na zile taa za jua za kuchomeka bustanini, tafadhalini. Zinafaa kuangaza mbao za sitaha, hapo nazikubali. Kuziita taa ya nanga ni kumdanganya anayekuja. Mchana ukiwa wa mawingu, usiku wa manane hazipo.

Nimalizie na swichi, maana wapo waliochagua vizuri na kufunga vizuri, kisha wakawasha taa isiyo yake.

Rafiki yangu ana ile taa ya juu ya mlingoti yenye mambo mawili ndani yake, ya safari yenye rangi tatu na ya nanga. Swichi mbili zimepangana, hazina maandishi. Usiku mmoja alitia nanga, akabonyeza, akalala. Asubuhi jirani akamwuliza, "Jana ulikuwa unakwenda wapi?" Usiku kucha alikuwa ameonyesha nyekundu upande mmoja, kijani upande mwingine na nyeupe nyuma, ishara ya chombo cha tanga kinachosafiri. Anayekuja alikuwa anaona nini? Chombo kinachokwenda, ambacho hakiendi. Anangoja upite, au anakadiria utakuwa umefika wapi, kumbe hukusogea. Andikeni swichi zenu kwa herufi kubwa. Mimi ya nanga nimeizungushia uzi wa katani, niitambue kwa kidole hata gizani.

Wengine mmeniuliza kuhusu zile zinazojiwasha zenyewe jua likizama. Wazo hilo ni la zamani. Msweden mmoja, Gustaf Dalén, alitengeneza kifaa kilichowasha na kuzima taa za gesi za minara na maboya bila mtu: fimbo nyeusi inameza nuru ya mchana, inapata joto, inarefuka na kuifunga gesi. Usiku inapoa, inajikunja, gesi inafunguka. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1912, na mwaka huohuo mlipuko ulimpofusha macho. Kila nikiwaza juu yake naguswa. Mtu aliyewasaidia mabaharia wengi kuona, mwenyewe akabaki gizani.

Hizo za leo ni nzuri kwa siku utakayochelewa nchi kavu. Zitumieni. Ila kumbukeni ukungu wa mchana: kile kijicho kinaona mwanga, kinasema ni mchana, kinazima. Sheria inakutaka uwashe. Muwe na swichi ya kuilazimisha iwake.

Nimesema mengi, na maneno hayaonyeshi. Jua limeshazama. Nje pale nimezitia nanga mashua tatu: ya kwanza ina taa ya juu ya mlingoti peke yake, ya pili ina taa ya chini mbele ya mlingoti, ya tatu ina taa ya chini na sitaha imeangazwa. Sitawaambia ipi iko wapi. Vihori viwili vinangoja gatini. Anayepiga makasia asigeuke nyuma zaidi ya anavyofanya siku zote, na aliyekaa tezi aseme kwa sauti pale tu atakapoiona mashua, siyo taa. Kamba ya kupimia umbali ninayo mimi. Vaeni jaketi za kujiokolea, wanne wanne, twendeni.